Rimoti Isiyosikia Mkono wa Kushoto

Pa, pa, pa. Mlio huo mnaujua. Hakuna nyumba yenye televisheni isiyoujua: ni rimoti inapigwa kiganjani kwa sababu imekataa kusikia. Mwanangu, ambaye ana miaka tisa na subira ya dakika moja, aliipiga ya kwetu Jumamosi moja mchana hapa Singida mjini mpaka nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa ameshapitia tiba zote anazozijua. Alizizungusha betri kwa kidole, akazihamisha ya juu ikawa ya chini, akaziuma kwa magego, kisha akazianika dirishani zipate jua, kama wazazi wetu walivyozianika betri za redio kwenye turubai moja na alizeti. Kilichobaki kilikuwa kipigo.

"Lete," nikamwambia.

Nikafungua kifuniko cha nyuma, na ile harufu ikatoka. Betri iliyovuja ina harufu yake, chungu, inayofika kwenye ulimi kabla ya kufika puani. Springi moja ilikuwa imeota kutu ya kijani. Nikajikuta nimekaa kwenye mkono wa kochi. Mwanangu akaniuliza kama imeniuma. Nikasema hapana, nikamtuma aniletee limau na njiti ya kiberiti. Nilimdanganya. Iliniuma, na imekuwa ikiniuma tangu nikiwa na miaka kumi.

Nililelewa Kintinku kwa babu na bibi wazaa mama, kwa sababu mama alikuwa na kazi Itigi na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Babu alikuwa Mnyaturu aliyeletwa Kintinku na reli, akaoa Mgogo, akasahau kurudi kwao. Kazi yake ilikuwa pointimani, yule mtu wa stesheni anayegeuza reli ili treni ishike njia yake, kisha anapunga bendera ya kijani au nyekundu. Alipenda kutuambia kwamba hata waziri angekuwemo ndani ya behewa, asingepita bila ruhusa yake. "Namnyima njia," alisema. "Anakaa hapo anakula mahindi ya kuchoma mpaka nitakapopenda." Waziri huyo hakuwahi kupatikana, lakini sisi tulimwona kabisa, ametoa shingo dirishani, mdomo umejaa mahindi.

Alipostaafu alinunua televisheni ya kichogo na dishi kubwa lililochukua nusu ya ua, mahali ambapo Bibi alikuwa amepanga kujenga banda la kuku. Bibi alinuna wiki nzima. Kisha kiharusi kikampiga Babu, na ugomvi wa banda ukasahauliwa. Mguu wa kulia na mkono wa kulia vikalala. Mdomo ulipinda kidogo ukarudi. Maneno yalirudi yote, tena kwa Bibi yalirudi zaidi ya yale ya mwanzo. Mkono haukurudi.

Nanyi mnajua mkono wa kushoto ulivyo kwetu. Mtoto akipokea kitu kwa kushoto anapigwa kikofi, na mtu mzima kuutia kwenye sahani ya ugali ni kuwatukana anaokula nao. Babu, mtu wa heshima zake, alilazimika kuishi na ule tu. Mgeni akija barazani alimpa kushoto na kusema, "Niwie radhi, huu ndio uliobaki." Alisema hivyo kwa mchungaji, alisema kwa muuza mkaa, alisema kwangu mimi nikimpelekea kikombe cha chai. Kujifunza kula kwa mkono ule kulimchukua miezi mitatu, na mimi niliiona miezi hiyo kwa macho ya mtoto, yaani niliona ugali unaanguka nikaona inachekesha.

Bibi naye alianza kula kwa kushoto. Hakutangaza wala hakueleza. Siku moja tu nilimwona anakata tonge kwa mkono ule mbaya, nikashangaa, nikamuuliza kama na yeye amepigwa. Mnajua utani wa bibi na mjukuu wa kike: mimi nilikuwa mke mdogo wa Babu, na yeye alikuwa mke mkubwa. Akanijibu, "Mke mwenzangu, mume wetu akichechemea, sisi tusimkimbie." Basi, wakawa wanakula wawili hivyo, na mimi katikati yao na mkono wangu wa kulia, nikijiona ndiye mwenye adabu peke yangu.

Sasa njooni kwenye rimoti. Ilikuwa ya king'amuzi, nyeusi, namba zimefutika, kifuniko cha nyuma kilishapotea, betri zimefungwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Ilikaa kwenye paja la kushoto la Babu kuanzia asubuhi. Ilikuwa ndiyo bendera yake. Mwezi ule ulikuwa wa bunge la bajeti, upepo wa baridi unapuliza vumbi la stesheni mpaka ndani, na Babu amejifunika blanketi, anawasimamia wabunge wote wa nchi hii. Aliyesema vizuri alimwongezea sauti. Aliyemkera alimzima mdomo, tukabaki tunamwona anarusha mikono kimya kimya. "Nimemnyima njia," Babu alitangaza. Bibi alisema afadhali mume wake apate kazi nyingine, maana hii haina likizo.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Saa kumi jioni kulikuwa na tamthilia kwenye stesheni nyingine. Darasani kwetu wote walikuwa wanaiangalia kwenye banda la video, na asubuhi wanasimuliana nani kamwacha nani, mimi nimekaa kimya utafikiri mgeni. Saa kumi hiyohiyo bunge lilikuwa linarudi kikaoni. Nilishamwomba Babu mara nyingi, na mara zote alinijibu kwamba kwenye tamthilia hakuna anayejadili barabara ya Kintinku. Nikamwambia bungeni nako sijamsikia anayeijadili. Akacheka, lakini hakubadilisha.

Siku ya kwanza rimoti ilipokataa, Babu alibonyeza mara tatu, akaigeuza, akaitazama. Akabonyeza tena, kidole gumba kikitetemeka kwa nguvu. Haikusikia. Akasema, "Hee! Hata chombo cha Wachina kimefundwa adabu. Hakipokei amri ya kushoto." Tulicheka wote watatu, na Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga.

Nikaichukua ili nijaribu. Nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto anavyoshika kitu, mkono mmoja mbele kwenye vitufe na mwingine nyuma kwenye betri, nikabonyeza. Stesheni ikabadilika. Nililegeza mkono wa nyuma, nikabonyeza tena. Ikakataa. Nikaminya betri zikasogea kwenye springi, ikakubali.

Nilijua. Nataka hili mlielewe mapema, msije mkanionea huruma kwa sababu ya umri. Nilijua siku ileile, nikiwa nimesimama katikati ya sebule, kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye springi na kwamba dawa yake ilikuwa mikono miwili. Babu alikuwa na mmoja.

"Umeona?" Babu akamwambia Bibi. "Kwa mke mdogo inasikia."

Ningeweza kusema, "Babu, ni betri, inabidi uziminye." Maneno hayo yangechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Badala yake nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Mwanzoni ilikuwa tamu, siwafichi. Babu aliniita, "Mke wangu, njoo na kidole chako," na mimi nilikuja nimeringa, nikajigeuza kidogo ili mkono wa nyuma usionekane. Aliniuliza imekuwaje mimi inanitii, nikasema labda ni kwa sababu nabonyeza kwa nguvu. Wageni waliambiwa kwamba mimi, Nyemo, nina kidole cha chuma. Ikifika saa kumi nilibonyeza huku na huku, nikasema, "Babu, leo bunge halipo," na tamthilia ikatokea kwa bahati mbaya. Babu alilala kwenye kiti au aliangalia kwa adabu, na mara nyingine akauliza kwa nini yule mwanamke halii akamaliza. Shuleni nikawa msimuliaji. Watoto walinizunguka.

Lakini kuna jambo ambalo sikulipanga, nalo ndilo linaloniandama. Rimoti haikukataa kila mara. Kuna siku betri zilijikalia vizuri zenyewe na Babu akibonyeza, inakubali. Siku hiyo alichangamka. Alisema, "Leo mkono umeamka vizuri," akaomba sufuria ya karanga azibangue. Siku nyingine ilikataa kutwa nzima, na siku hiyo alinyamaza, na Bibi alinong'ona nisipige kelele kwa sababu Babu hana hali. Ule utani wa chombo chenye adabu ulikuwa umeshaisha. Alikuwa ameanza kuisoma afya yake kwenye rimoti. Nilikuwa namwona akikunja na kukunjua kidole gumba mbele ya macho yake, polepole, akikitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyeanza tabia mbaya.

Alimwomba Bibi nta. Bibi alikuwa akiletewa masega ya asali na jamaa zake wa Itigi, na baada ya kukamua, nta aliiyeyusha na kuigandisha kwenye kikombe. Babu akachukua donge kubwa kiasi cha yai, akalikanda kwa mkono wa kushoto kutwa. Nyumba ilinukia asali. Alikanda akisikiliza habari, alikanda akiongea na watu, alikanda mpaka vidole vikamwuma, kisha akaweka donge, akachukua rimoti, akabonyeza. Nami nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na daftari langu la hesabu, naomba kimoyomoyo ikubali. Niliomba kweli. Nilimwomba Mungu afanye kazi ambayo ningeifanya mimi kwa sentensi moja.

Wiki ya pili alimwambia Bibi, nikisikia, "Mama Rehema, nadhani na huu unaondoka." Rehema ni jina la mama yangu. Bibi akamwambia asinene mabaya. Babu akasema hasemi mabaya, anasema anachokiona.

Kesho yake mchana Bibi aliandaa ugali wa mtama na mlenda, akanawisha watu mikono. Babu hakunyoosha mkono. Alitazama sahani, kisha akatazama dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Nilishe." Bibi alimsogelea. Halafu akakata tonge kwa mkono wa kulia, akachovya mlenda, akauzungusha ule utelezi ukakatika, akamtia mdomoni. Alipomaliza kumlisha, akala na yeye, kwa mkono huohuo wa kulia. Nililiona hilo. Nilikuwa sijamwona akila kwa kulia tangu Babu augue. Sikuelewa maana yake, lakini ugali wangu niliumwaga kwa kuku.

Tamthilia ikaniishia utamu. Saa kumi ilifika nikaenda kuchota maji. Babu hakuiomba rimoti tena. Aliiondoa kwenye paja akaiweka juu ya king'amuzi, juu ya kitambaa cha kufuma, mahali pa kuwekea mapambo.

Nikaamua kuitengeneza kwa siri. Mantiki yangu ilikuwa hii: rimoti ikipona, Babu atapona, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kosa. Nikaichukua Ijumaa ya wiki ya tatu, nimetoka shule, wakati Babu amesinzia, nikaenda nayo nyuma ya dishi, nikafungua mpira, nikaanza kuikwangua springi kwa kisu cha Bibi cha mboga. Kutu ikatoka, ungaunga wa kijani, na harufu ile. Nikafikiri nikiivuta kidogo itakuwa ndefu, itaishika betri vizuri. Nikaivuta. Ikakatika, ikaruka kwenye majani, na rimoti ikawa imekufa kwa watu wote, wenye mkono mmoja na wenye miwili.

Nililia pale nyuma ya dishi. Kisha nikaitia ndani ya gauni, nikakimbilia stesheni kwa Fundi Yona.

Fundi Yona alikuwa kijana mrefu, Mgogo, mwenye kibanda kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Nikamwamkia shikamoo nikihema. Aliipokea rimoti bila kuniuliza, akaweka betri, akazishikilia kwa kipande cha waya, kisha akaielekeza kwenye kamera ya simu yake na kubonyeza. "Taa ya rimoti jicho haliioni," akaniambia, "ila kamera inaiona. Tazama hapa." Nikatazama. Kwenye kioo cha simu, mbele ya rimoti, kidoa cheupe kinachoelekea zambarau kilikuwa kinawaka na kuzima kila alipobonyeza.

"Haina ugonjwa wowote," akasema. "Inaita vizuri kabisa. Ni hapa tu palikuwa hapashiki." Akatoa springi kwenye rimoti mbovu, akailehemu. Moshi wa risasi ukapanda kati yetu. "Na hii ni kutu ya siku nyingi. Mlikuwa mnaitumiaje?"

Nikamwonyesha. Mkono mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Mikono miwili," akasema.

"Ndiyo."

"Na mzee je?"

Akaweka chini chuma chake cha kulehemu, akanitazama mpaka nikatamani anipige. Nikamwambia yote. Tamthilia, kidole cha chuma, nta, ugali. Fundi Yona alinisikiliza akiwa anafunga ule mpira wa baiskeli, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

"Mzee yule," akasema, "kila nikipita barazani kwake ananipa kushoto na kuniomba radhi. Mimi, mtoto mdogo." Akanikabidhi rimoti. "Haya, Nyemo. Hii nimetengeneza. Hilo lingine si kazi ya fundi. Nenda kamwambie mwenyewe."

Njia nzima nilirudia maneno. Babu, tatizo halikuwa mkono wako. Babu, tatizo halikuwa mkono wako. Yalikuwa maneno machache, na nilifika nayo mlangoni yakiwa kamili.

Babu alikuwa ameamka. Nikamwekea rimoti pajani. Hakuwa ameniona nikiichukua na hakujua ilikuwa imetoka nyumbani.

"Jaribu, Babu."

"Aa, mke wangu, washa wewe. Mimi na huu mkono tumeshaagana."

"Jaribu mara moja tu."

Akajaribu, kwa kunipa heshima. Televisheni ikawaka. Hakuitazama. Alikitazama kidole chake. Akabonyeza, ikazima. Akabonyeza, ikawaka. Akaongeza sauti, akapunguza, akatoka bungeni akaenda kwenye muziki akarudi bungeni, akamzima mdomo mheshimiwa mmoja, akamrudishia. Mikunjo ya uso wake ilianza kucheza, na mimi nikafungua mdomo niseme.

"Mama Rehema!" akaita. "Mama Rehema, njoo! Mkono umerudi!"

Bibi akaja mbio na unga mikononi. Babu akamwonyesha, mara kumi, mara ishirini. Bibi akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Akapiga magoti, akakishika kidole gumba cha Babu akakibusu, unga ukabaki kwenye kucha. Kisha akanivuta na mimi, akanizungusha sebule nzima akiimba kwa Kigogo, na maneno yangu yakawa bado yamo mdomoni.

Nikiwa mtu mzima nimejitetea mara nyingi kwamba sikutaka kumharibia furaha yake. Si kweli, na ninyi nimeshaamua kutowadanganya. Nilifikiria fimbo. Nilimfikiria mama akiitwa kutoka Itigi. Furaha ya Babu nilikuja kuitumia baadaye kama kisingizio, ilipokuwa imeshapoa.

Jioni ile Babu alikula mwenyewe. Mkono ulikuwa umekaa bila kazi, tonge la kwanza likaanguka, la pili likafika. Bibi akahamisha sahani yake, akaanza kula kwa kushoto.

Babu aliamini ni nta. Alimwambia kila mtu. Yeyote aliyepigwa na kiharusi kwenye stesheni za jirani alipelekewa habari, na mwezi uliofuata alikuja mzee kutoka Saranda akiwa ameshikwa na wanawe wawili. Babu akamkatia nusu ya donge lake na maelekezo: asubuhi mara mia, jioni mara mia. Mzee wa Saranda alilipokea kwa mkono wake uliobaki, akalia. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Tumaini lile nililipika mimi.

Fundi Yona naye alisimuliwa. Alipita siku moja, Babu akamwonyesha kidole, akamweleza habari ya nta mwanzo mpaka mwisho. Fundi Yona alinitazama mimi. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa Babu kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mungu ni mkubwa, mzee." Babu akaanza kumwomba radhi kwa mkono, Fundi Yona akasema, "Hapana, mzee, usiniombe radhi tena." Hakuniuliza kitu, siku ile wala nyingine. Nilianza kwenda shule kwa njia ya visimani ili nisipite kibandani kwake.

Mvua za mwaka uliofuata Babu alipigwa mara ya pili, nami nikiwa shuleni. Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Donge la nta lilikuwa dirishani, na alama za vidole vyake zilikuwa zimekaa juu yake, zote tano.

Kwa kosa lile la springi nilijifunza baadaye kutumia limau na njiti ya kiberiti, ambayo ni dawa ya kutu pasipo kuvuta springi. Nilipomaliza kuisafisha rimoti yetu ya Singida, mwanangu akabonyeza, ikasikia, akaniuliza nani alinifundisha. Nikafungua mdomo nikaona nakaribia kutunga uongo mwingine, kwa mtoto mwingine, kwa jambo lilelile. Wiki iliyofuata tukapanda basi kwenda Kintinku.

Bibi yupo. Macho yamepungua, lakini alinijua kwa hatua, akanisalimu mbukwenyi, salamu ya Kigogo ya watu wengi, kana kwamba tumekuja kumi, akamwambia mwanangu kwamba amechelewa kuja kuoa. Mchana akapika ugali wa mtama na mlenda. Tukanawa. Akatia mkono wa kushoto kwenye sahani, kama alivyofanya miaka hii yote, Babu yupo na Babu hayupo. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema moja kwa moja, tangu betri mpaka donge la mzee wa Saranda, nikiangalia mkeka.

Mlenda uliota ngozi juu.

"Wiki tatu," akasema.

"Tatu, Bibi."

"Kila tonge nililomlisha aliniomba radhi. Kila tonge, Nyemo. Nikimwambia anyamaze, anatafuna kwanza, anameza, halafu ananiomba radhi." Hakuniita mke mwenzake. Alipangusa kidole pembeni mwa sahani. "Nilidhani anaomba radhi kwa kuugua. Kumbe mkono ule ulikuwa mzima."

Nikamwambia naomba unisamehe. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alisukuma sahani kwangu.

"Kula, chakula kinapoa."

Nikapeleka mkono wa kulia, nikaurudisha. Nikatia wa kushoto. Sikuwa nimewahi, maisha yangu yote. Tonge halikukubali kuwa duara, lilipasuka kwenye vidole. Nilichovya, mlenda ukateremka kifundoni mpaka kwenye kiwiko, na kilichofika mdomoni kilikuwa kidogo kuliko kilichoanguka kwenye gauni. Mwanangu alicheka, kama nilivyocheka mimi nikiwa na umri wake. Nikajaribu la pili, likaanguka lote.

Bibi hakucheka. Alikuwa anasikiliza tonge linavyoanguka.

"Yeye ilimchukua miezi mitatu," akasema.

Miaka yote ile, hata nikijilaumu, nilidhani nilimnyang'anya Babu bunge lake la saa kumi; miezi ile mitatu sikuwa nimeihesabu. Nilikata tonge la tatu. Bibi akasogeza bakuli la mlenda karibu yangu, upande wa kushoto.